Bibi asiye na ubini: kumtafuta mama wa ukoo katika nyaraka za kale za Marekani

Swali la msomaji: Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa na Mmarekani na tunaishi kaskazini mashariki mwa Ohio. Mavyaa wangu amenikabidhi mti wa ukoo wao niwatunzie watoto. Upande wa wanaume umejaa hadi miaka ya 1600, lakini wa wanawake una mapengo mengi. Linaloniuma zaidi ni hili: babu mmoja alizaliwa Connecticut, akapigana vita vya uhuru wa Marekani, akahamia huku na kufia huku miaka ya 1830. Mkewe tunamjua kwa jina la kwanza tu, na jiwe la kaburi linasema ni “mke wa” fulani, basi. Mtandaoni watu watatu wamempa ubini tofauti, na hakuna aliyesema kautoa wapi. Nianzie wapi? Na je, nichague mmoja kati ya hao watatu?

Jibu: Dada, usichague hata mmoja kwa sasa. Nafasi iliyoachwa wazi kwenye mti wa ukoo humwambia atakayekuja baada yako kwamba kazi haijaisha. Ubini wa kubahatisha humfanya aache kutafuta, na huwaingizia watoto wako ukoo mzima wa watu wasiowahusu. Afadhali bibi yenu abaki na jina moja la kweli kuliko kuvishwa la pili la uongo. Habari njema ni kwamba mke wa askari wa vita vile, katika familia iliyotoka Connecticut kwenda Ohio, ni miongoni mwa wanawake wa zamani wenye nafasi nzuri sana ya kupatikana.

Wewe umekulia pwani, ambako mwanamke anaweza kuolewa mara moja au mara tatu na bado akazikwa akiitwa Fatuma binti Athumani. Connecticut ya mwaka 1780 haikuwa hivyo. Sheria ya Kiingereza iliyorithiwa na makoloni ilimhesabu mke kuwa ndani ya mume. Aliacha ubini wake siku ya ndoa, mali yake inayohamishika ikawa ya mume, hakuweza kushtaki wala kushtakiwa peke yake, na wosia hakuandika bila ridhaa ya mume. Majimbo yalianza kulegeza masharti hayo polepole, Mississippi mwaka 1839, New York mwaka 1848, na kufikia hapo bibi yenu ama alikuwa kikongwe ama alishafariki. Ndiyo maana ukiandika jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia huambulii kitu. Hata hivyo sheria hiyohiyo iliyomficha ilikuwa na nyakati za kumhitaji: baba yake alipokufa na mirathi ikagawanywa, ardhi ilipouzwa, mume alipofariki, na serikali ilipomtaka athibitishe kwamba kweli aliolewa. Zitafute nyakati hizo. Jina litakuja humo.

Anza na pensheni, na usiguse kitu kingine mpaka umeimaliza. Bunge la Marekani lilitunga sheria kadhaa za kuwalipa askari wa vita vya uhuru, kisha wajane wao. Sheria ya 1836 iliwafikia wajane walioolewa kabla mume hajamaliza utumishi wake. Ya 1838 ikaongeza walioolewa kabla ya 1794, ya 1848 ikasogeza mpaka hadi 1800, na mwaka 1853 sharti la tarehe ya ndoa likaondolewa kabisa. Kama bibi yenu aliishi muda mrefu kuliko mumewe aliyekufa miaka ya 1830, sheria hizi zilimlenga yeye hasa.

Na serikali haikumlipa kwa neno lake tu. Alitakiwa athibitishe ndoa iliyofungwa nusu karne nyuma, katika mji alioacha mbali mashariki, mara nyingine mbele ya mchungaji aliyekuwa keshakufa. Basi wajane hawa walikwenda mahakama ya kaunti wakaapa na kusimulia: waliolewa wapi, nani aliwafungisha ndoa, watoto walizaliwa lini, na kabla ya ndoa walikuwa wakiitwa nani. Waliwaleta wazee wenzao waliokuwepo harusini. Mara nyingi shahidi huyo ni kaka au dada wa mjane, naye hulisema hilo waziwazi katika kiapo chake. Wako waliochana ukurasa wa Biblia ya familia wenye tarehe za ndoa na vizazi wakautuma Washington, na kurasa hizo bado zimo ndani ya mafaili katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka. Sijui kundi lingine la karatasi za Marekani ya zamani ambamo wanawake wa kawaida, wasiojua hata kuandika, wanaongea kwa wingi namna hii juu ya maisha yao wenyewe.

Mafaili yamewekewa herufi. W ni mjane aliyekubaliwa, S ni askari mwenyewe, R ni ombi lililokataliwa. Usiruke R hata kidogo, maana mtu aliyekataliwa alirudi tena na tena akiongeza ushahidi, na faili lake linaweza kuwa nene kuliko la aliyelipwa. Hata faili la S lina faida: sheria ya 1820 ilimtaka askari aorodheshe mali yake yote ili aonekane ni mhitaji, na wengi walitaja humo watu wa nyumbani mwao, mke na watoto, kwa majina, umri na hali ya afya. Tafuta pia hati za malipo ya mwisho, zilizotolewa mwenye pensheni alipofariki, kwani huweza kutaja siku ya kifo na warithi. Maombi ya mapema kabisa, ya kabla ya Novemba 1800, yaliteketea ofisi ya Wizara ya Vita ilipoungua, lakini hilo halimhusu sana mtu aliyekufa miaka ya 1830.

Sasa lile jiwe la kaburi. “Mke wa” inaweza kuwa na maana kwamba alitangulia yeye, mume akabaki. Makaburi ya enzi hizo mara nyingi hutofautisha: neno “consort” huandikwa kwa mke aliyekufa mume akiwa hai, na “relict” kwa aliyekufa akiwa mjane. Linganisha tarehe za mawe yote mawili. Na kabla hujaenda mbali, jiulize kama yeye kweli ndiye mama wa watoto wote. Vifo vya uzazi vilikuwa vingi, wanaume walioa tena haraka, na majina ya wanawake yalikuwa machache kiasi kwamba mtu kuoa wake wawili mfululizo wenye jina moja ni jambo la kawaida. Panga watoto kwa mwaka wa kuzaliwa. Ukiona pengo la miaka minne au mitano katikati, shuku.

Baada ya pensheni nenda kwenye hati za ardhi, na hapa nakuomba usome taratibu, kwa sababu vitabu vingi vya mwongozo huzungumza kana kwamba makoloni yote yalikuwa na sheria moja. Katika sehemu nyingi mjane alikuwa na haki ya kutumia theluthi ya ardhi ya mumewe maisha yake yote. Haki hiyo iligusa kila kipande ambacho mume alikimiliki wakati wa ndoa, hivyo alipotaka kuuza, mke alipaswa kuiachia kwa saini yake, na mara nyingi hakimu alimhoji faraghani, mume akiwa nje, kuhakikisha hakulazimishwa. Ohio ilikuwa hivyo. Kwa hiyo hati za babu huko kwenye kaunti yenu zitakuonyesha mke wake alikuwa nani mwaka gani, angalau kwa jina la kwanza, na zitakusaidia kujua kama mke alibadilika.

Connecticut ilikuwa tofauti. Kule theluthi ya mjane ilihesabiwa kwenye ardhi ambayo mume alikuwa nayo siku anakufa, basi. Akiwa hai aliweza kuuza shamba lake bila saini ya mke. Lakini tangu 1723 sheria ya Connecticut ilimkataza mume kuuza ardhi iliyo ya mke mwenyewe bila ridhaa yake. Unaona panapoelekea? Ukikuta hati ya Connecticut ambamo mke ametia saini au alama pamoja na mumewe, simama hapo. Kuna uwezekano mkubwa kwamba ardhi hiyo ilitoka kwao, kwa baba au babu yake. Soma mipaka ya kipande hicho, angalia majirani waliotajwa, kisha rudi nyuma hati kwa hati hadi umjue aliyekimiliki kabla. Hati za Connecticut hutunzwa na karani wa mji, za Ohio na ofisi ya kaunti. Anza na miaka mitano ya mwisho kabla familia haijahama, kwa sababu aliyekuwa anajiandaa kwenda magharibi aliuza kila alichokuwa nacho, pamoja na sehemu ndogondogo za urithi wa mkewe.

Mirathi ya baba yake ndiyo hati itakayofunga kesi. Kule Connecticut mtu akifa bila wosia, mabinti walipata fungu sawa na wana wa kiume, isipokuwa mwana mkubwa aliyepewa mafungu mawili mpaka desturi hiyo ilipofutwa mwishoni mwa karne ya 18. Virginia kwa upande wake ilimpa mwana mkubwa ardhi yote hadi 1785. Kwa hiyo mgawanyo wa mirathi ya Connecticut humtaja binti aliyeolewa kwa ubini wa mumewe, na stakabadhi hutiwa saini na mkwe akisema amepokea kwa haki ya mke wake. Tatizo lako ni kwamba hujui baba ni nani. Zamani hapo ndipo watu walikwama, kwa kuwa faharasa hutaja marehemu tu. Sasa tovuti ya FamilySearch, ambayo ni ya bure, ina kifaa cha kutafuta ndani ya maandishi kinachosoma mwandiko wa mkono katika vitabu vya ardhi na mirathi. Usimtafute bibi. Mtafute babu kwa jina kamili, Connecticut, 1775 hadi 1840, na uone ni katika mirathi ya nani anatokea kama mkwe, mdai, shahidi au mthamini wa mali. Mtu anayejitokeza mara tatu kwenye karatasi za mzee asiye na ubini wake, sababu ipo, na mara nyingi sababu hiyo ni mke.

Kanisa nalo lisikupite. Katika makanisa ya Connecticut wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume kwenye orodha za washirika, na ubatizo wa mtoto uliweza kuandikwa kwa kumtaja mzazi aliye mshirika, ambaye huenda ni mama. Familia ilipohama, mshirika mzuri aliomba barua ya kumhamishia kanisa jipya, na katibu wa kanisa aliandika imetoka wapi. Nimeona watu wakihangaika na mji usio sahihi muda mrefu wakati jibu limo kwenye mstari mmoja wa kanisa dogo la Ohio: amepokelewa kwa barua kutoka kanisa la mji fulani. Kwenu huko hili lina nguvu ya pekee. Kaskazini mashariki mwa Ohio ni ardhi ambayo Connecticut ilijibakizia mwaka 1786 ilipoachia madai yake mengine ya magharibi, na waliokuja kuikaa walikuja kwa makundi kutoka miji ileile. Majirani wa babu kwenye sensa ya 1820 na ya 1830, wachunguze walitoka wapi. Mmoja wao anaweza kuwa shemeji yake.

Ukishaujua mji, fungua Mkusanyo wa Barbour, faharasa ya vizazi, ndoa na vifo vya miji ya Connecticut hadi karibu na 1850. Andika kila msichana mwenye jina la bibi aliyezaliwa katika miaka inayofaa, kisha wachuje: huyu alifariki mdogo, huyu aliolewa na mwingine, huyu alibaki na baba yake mpaka uzeeni. Wanaobaki ndio wa kuwafuatilia. Kumbuka Barbour ni muhtasari. Daftari la mji lenyewe huwa na maneno ambayo mnakili aliyaacha.

Sensa itakusaidia kidogo. Kuanzia 1790 hadi 1840 ilitaja mkuu wa nyumba tu, wengine wakawa idadi, na ile ya 1790 haikujali hata umri wa wanawake. Majina ya watu huru wote yalianza 1850, na uhusiano wao na mkuu wa nyumba 1880. Lakini ya 1840 ina jambo dogo zuri: iliorodhesha kwa jina na umri kila anayepokea pensheni ya kijeshi, wajane wakiwemo. Bikizee aliyekaa nyumbani kwa mkwewe, ambaye angekuwa alama tu kwenye safu ya umri, anajitokeza ghafla na jina lake.

Kuhusu wale watatu wa mtandaoni, nitakupa mfano wa watu waliojulikana ili uone jinsi kosa linavyoota mizizi. Susanna, mke wa William White, alikuja mwaka 1620 na Mayflower, meli iliyoleta mahujaji wa Kiingereza Marekani, na mwanawe Peregrine alizaliwa melini ikiwa imetia nanga Cape Cod. Vizazi kadhaa vya watafiti vilimwita Susanna Fuller, kwa kuwa huko Leiden, Uholanzi, kulipatikana ndoa ya 1612 ya William White na Anna Fuller. Jina la mume ni lilelile, mji una historia ya mahujaji wale, watu wakaridhika. Kumbe ni William White mwingine. Mwaka 2017 watafiti walitangaza ushahidi kwamba Susanna alikuwa binti wa Richard Jackson wa Scrooby, Uingereza. Sehemu ya ushahidi huo ni barua ya 1623 ya mume wake wa pili, Edward Winslow, kwenda kwa Robert Jackson, akimwandikia kama mzee wa upande wa mkewe na kutaja kwamba alikwisha kumwarifu baba mkwe wake kifo cha White. Tazama njia yenyewe: mwanamke amepatikana katika barua ya mume mmoja inayomzungumzia mume mwingine.

Maneno ya ukoo ya karne zile nayo hupotosha, hasa kwa mtu aliyejifunza Kiingereza cha leo. “Daughter-in-law” aliweza kuwa binti wa kambo. “Cousin” mara nyingi ni mpwa. “Mrs.” ilikuwa heshima ya cheo, hata kwa msichana ambaye hajaolewa. Mume akiandika katika wosia “my now wife”, hasemi lazima kwamba alikuwa na mwingine kabla. Na tarehe za Januari hadi Machi 24 kabla ya 1752 zisome kwa uangalifu, kwa sababu mwaka mpya ulianza Machi 25. Mtoto wa Februari 1740 wa karani wa zamani ni wa Februari 1741 kwa hesabu yetu, na bila kujua hilo utamwona bibi harusi amezaa kabla ya ndoa.

Kama tawi lolote la ukoo wa mumeo linapita New York ya zamani, utapumua. Waholanzi walioitawala hadi 1664 walimwacha mwanamke na jina la baba yake maisha yote, na desturi hiyo iliendelea kwa miongo baada ya Waingereza kuingia. Madaftari ya ubatizo ya kanisa lao jijini humo yanaanzia 1639, yakitaja baba, mama kwa jina lake mwenyewe, na wasimamizi wa ubatizo ambao mara nyingi ni shangazi, wajomba na bibi. Anneke Jans, aliyeolewa mara mbili, aliacha wosia wa mwaka 1663 unaowataja watoto wa waume zake wote wawili. Hata hivyo karne ya 19 ilimtungia hadithi kwamba ni mjukuu wa ukoo wa kifalme wa Uholanzi, na maelfu wakaiamini kwa sababu kulikuwa na kesi ya shamba lake la Manhattan. Palipo na mali au ufalme, dai ushahidi mara mbili.

Wasomaji wengine wameolewa na Wamarekani weusi, na kwao njia ni nyingine na ngumu zaidi, lakini mama ndiye kiini chake. Virginia ilitunga sheria mwaka 1662 kwamba mtoto hufuata hali ya mama, mtumwa au huru. Ukatili huo uliwaacha makarani wakiandika mama wa mtoto pale walipomwacha baba: katika orodha za mali za mirathi, katika kesi za watu waliodai uhuru kwa kuwa bibi yao alikuwa huru, na katika madaftari ya watu weusi huru ambayo miji ya Virginia ilitakiwa kuyatunza tangu 1793. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja wote kwa majina. Benki ya Freedman, ya watu waliotoka utumwani, iliyofanya kazi 1865 hadi 1874, iliwauliza wateja majina ya wazazi na ndugu, hata waliouzwa mbali, na madaftari yake ni ya kusomwa mstari kwa mstari.

Vipimo vya vinasaba viache mwisho. Kipimo cha upande wa mama hufuata mama wa mama wa mama bila mwanamume katikati, hivyo mumeo hawezi kukitumia ikiwa mstari wake kwa bibi huyu unapita kwa babu yeyote. Ungehitaji mtu aliye hai aliyetoka kwa bibi kupitia mabinti watupu, na mwingine wa namna hiyo kutoka kwa dada wa msichana unayemshuku. Wakilingana, hujathibitisha bado, maana mstari huo hubadilika taratibu mno. Wasipolingana, umemwondoa mmoja kwenye orodha, na hiyo ni faida kubwa.

Kwenye mti wa watoto mwandike kwa jina lake la kwanza na mstari mtupu mbele yake. Zile bini tatu ziweke kwenye maelezo ya pembeni pamoja na viungo vya waliozidai, na uwaandikie kwa upole kuwauliza wamezipata wapi. Huenda mmoja ana Biblia ya familia kabatini. Kuhusu pensheni, hakikisha umepata faili zima, kwa sababu ipo seti ya mikrofilamu yenye kurasa zilizochaguliwa tu, na kiapo cha kaka au dada kinaweza kuwa miongoni mwa zilizoachwa. Ukilipata, nitumie kiapo cha mjane na majina ya mashahidi wote kama yalivyoandikwa, na tahajia zake za ajabu usizirekebishe. Hapo tutajua ni mji gani wa Connecticut wa kuufungua kwanza.